Tundu la Tatu

Jumanne, saa moja na dakika ishirini usiku: imezima.
Nikaandika kwenye kaunta buku, mstari wa kwanza,
kama karani wa mochwari asiyeuliza jina la ukoo.

Jumatano haikuzima.
Alhamisi imezima mara mbili,
ikatoa mlio mmoja mrefu na mingine miwili mifupi,
kisha skrini ikawa nyeusi kama tako la sufuria.
Nilikuwa katikati ya ratiba ya mazishi ya bibi yake Anaeli,
pale penye "familia kuaga mwili".
Watu wa Kibosho wako sebuleni wanasubiri nakala mia mbili,
wameshika vikombe, hawanywi.

Fundi Mfinanga wa Double Road akasema: ram.
Akaichomoa, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli,
akairudisha. Siku kumi na moja ikatulia
kama mtoto aliyepona kifaduro.
Siku ya kumi na mbili ikaua diski.
Akasema: diski. Nikanunua diski.
Akasema: pawa saplai, na kweli ilinuka,
harufu ya nywele zilizoguswa na pasi.
Wakaenda kuku wanne na jogoo wa Krismasi.
Ikaishi wiki tatu.
Akasema: mazabodi.
Hapo nikamtazama, naye akatazama viatu vyake.

"Mama Ndeshi, mashine hii imebaki boksi tu.
Kila kilichomo nimekibadilisha kwa mikono yangu.
Sasa inayokufa ni ipi?"

Usiku ule nilifungua kaunta buku,
nikalisoma kama mtu anayesoma barua ya benki.
Saa moja na ishirini. Saa moja na nusu. Saa moja na robo.
Jumapili hakuna.
Jumapili hakuna.
Jumapili hakuna hata moja.
Mashine gani hii inayoshika amri ya nne?

Kesho yake nikasimama barazani.
Ng'ambo ya ua wa masale Aminieli anachomelea mageti,
na kila cheche ikiruka kwake
taa yangu inakonyeza, mara moja, kama mwizi kwa mwenzake.
Jumapili Aminieli huimba besi kwaya ya pili.

Mfinanga akaja na testa na bisibisi, akafungua soketi.
Akachungulia. Akaniita nami nichungulie.
Matundu matatu kwa mbele,
nyuma yake nyaya mbili.
"Hili la tatu ni pambo," akasema.
"Nyumba hii nani alitandaza nyaya?"

Nikamwambia: baba Ndeshi.
Hakuongeza neno. Alikuwa kijana mwenye adabu.

Ulipanda darini na tochi mdomoni,
mimi nakushikia ngazi, nakuhesabia misumari.
Ukasema: waya wa ardhini tutauweka Desemba.
Desemba zikapita sita.
Ya saba ukaingia ardhini wewe,
waya bado.

Kuna jambo moja sikuliandika kwenye kaunta buku.
Boksi lilikuwa linanitekenya vidole
kila nilipoligusa peku, usiku, nyumba imelala.
Sikuliandika kwa sababu sikuliona kosa.
Niliona ni tabia.
Mfinanga aliposikia akashika kichwa:
"Mama, ungeniambia hilo siku ya kwanza!"

Tumeigonga nondo ya shaba nyuma ya jiko,
kwenye migomba, pale udongo haukauki hata Januari.
Nimemwagia ndoo mbili za maji kama alivyoagiza.
Ni hatua tisa kutoka kwako. Nilihesabu bila kutaka.

Stabilaiza bado, kuku hawajakua,
na Aminieli ana oda ya mageti mpaka Pasaka,
kwa hiyo sisemi tumeshinda.
Naandika tu: Jumatatu, haijazima. Jumanne, haijazima.

Ila jana usiku, ratiba ya Mzee Ndesario ikiwa inachapwa,
nilivua ndala,
nikaliwekea boksi kiganja.
Kimya.
Nikaligusa tena.