Kilo Nzima

Huku Businde sukari tuliijua kwa kijiko.
Hakuna aliyetamka kilo. Kilo ilikaa Mwanga,
ng'ambo ya nauli ya bodaboda,
elfu moja kwenda, elfu moja kurudi,
na mvua ikinyesha, dereva anajipangia.

Tulikuwa na kibanda cha Bihemo:
dirisha la nondo, taa ya tochi, paka mmoja,
sukari kwenye vifuko vilivyopigwa fundo,
vidogo kama ncha ya kidole gumba,
mawese kwa kizibo cha chupa,
mche wa gwanji uliokatwa kwa uzi
mpaka sabuni ikaona haya kuitwa sabuni.
Mia mbili. Mia mbili. Mia mbili.

Mama hakukanyaga shule, lakini jioni moja
alivipanga vifuko juu ya mkeka, akahesabu
mpaka hesabu ikafika kilo, akanyamaza.
Kisha akasema:
"Mwenye gari kule mjini ananunua sukari rahisi kuliko mimi."
Hakusema kwa hasira.
Alisema kama mtu anayesoma kibao
baada ya kupotea njia.

Lakini usimtukane Bihemo mbele yangu.
Baba alipolazwa Maweni wiki tatu,
lililotupikia uji ni daftari lake.
Ukurasa wetu, kwa kalamu nyekundu:
Mama Ndayanse, chumvi, atalipa.
Kiberiti, atalipa. Unga robo, atalipa.
Neno hilo liliandikwa mara nyingi
kuliko jina letu.

Duka lilipokuja halikuja na ngoma.
Lilikuja kontena la kijani juu ya lori,
lori likazama kwenye mtaro wa maji machafu,
vijana wakalisukuma mpaka magharibi
na ujira wao ukawa soda ya moto.
Nyuma yake, wanawake thelathini na mmoja wa kikoba,
hisa kwa hisa, miaka minne,
na Skolastika Rukoma mwenye funguo shingoni,
aliyekwenda mwenyewe stesheni
kuyapokea magunia yakishuka behewani
kama anapokea wageni wa posa.

Bei ziliandikwa kwa chaki, nje, mchana kweupe.
Sisi tulizoea bei inayokaa mdomoni mwa mtu.
Watu walisimama kusoma tu,
hata wasio na shilingi,
wanasoma, wanarudi nyumbani wameshiba kidogo.

Zamu yangu ilipofika, mshale wa mzani
ukatetemeka, ukatulia.
Nikapewa kilo nzima,
uzito wa mtoto njiti,
nikaibeba hivyo hivyo, kwa viganja viwili.
Nyumbani hapakuwa na chombo.
Makopo yetu yote yalikuwa ya kijiko.
Mama akatafuta, akatafuta,
akaichukua chupa ya chai iliyopasuka kioo,
akaing'oa moyo, akaiosha, akamimina.
Usiku ule aliamka mara mbili kuitikisa.

Ila mwezi una tarehe ishirini na tano,
na mlangoni mwa kontena pana maandishi:
*Mkopo hapana. Usiombe, utatuaibisha sote.*
Basi Jumanne tukarudi kwa Bihemo,
macho chini, kwa ajili ya kiberiti.
Akaandika. Hakuuliza tulikuwa wapi.

Alfajiri ya kesho yake nikamwona foleni,
kofia imeshushwa mpaka nyusi,
anangoja gunia.
Kumbe naye miaka yote alipanda bodaboda,
alinunua kule kule, kwa bei ile ile ya rejareja,
akaongeza nauli, akaongeza njaa ya kwake,
ndipo akapiga fundo.

Sasa vifuko vyake vimenenepa.
Mia mbili ni ile ile; fundo ndilo limepanda juu.
Na jana nililichungulia daftari.
Ukurasa wetu umepigwa mstari mrefu, wa mkono unaotetemeka,
na chini yake, kwa wino ule ule mwekundu:
*amelipa,*
*isipokuwa kiberiti.*