Kokwa na Dengu

Ijumaa, baada ya alasiri, chumba cha nyuma cha dobi, Maabela.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
tone, kimya, tone,
na kanzu za watu zimening'inia juu yetu,
nyeupe, hazina vichwa,
kama wasimamizi wa uchaguzi waliotumwa na serikali.

Mimi ndiye mweka hazina anayeondoka.
Mkataba umekwisha, Jumatatu narudi Pangani.
Miaka minne kopo hili limelala ndani ya gunia la mchele,
jikoni kwa watu,
na kila nilipopika nilichota kwa mkono wa kushoto
ili wa kulia ubaki juu ya pesa.
Zimo riali mia nne na kumi na mbili, baisa mia saba.
Hesabuni. Msinionee haya.
Hizi si za harusi, si za mchezo wa kununuliana sufuria.
Ni za jeneza na tiketi, ni za yule
ambaye tajiri wake akizima simu
yeye hubaki kwenye jokofu la hospitali
akisubiri sahihi.

Wagombea wawili.
Nyevu wa Kaloleni, mwenye Kiarabu cha kugombana sokoni;
hesabu zake zote zimo kwenye simu.
Ameahidi risiti.
Mize wa Wete, hajui kuandika ila jina lake,
lakini muulize nani alikopa nini Ramadhani ya mwaka juzi,
atakwambia, na nguo uliyovaa ukikopa.
Ameahidi kutosahau.
Tukacheka. Kisha wenye madeni tukanyamaza.

Kokwa ya tende ni Mize.
Punje ya dengu ni Nyevu.
Kopo tupu likapita chini ya mtandio, mkono kwa mkono,
na mtu mmoja, simtaji, alikula kura yake kwa mazoea
akaomba nyingine.

Waliofungiwa ndani wamepiga kura kwa sauti.
Saumu kutoka Barka, pasi ikifoka mvuke.
Bikombo kutoka Sohar, garini, nyuma ya tajiri,
akijifanya anazungumza na nyumbani:
"Mama, ile kokwa mpe Mize, usimnyime."
Na Dzame,
Dzame wa nyumba asiyojua hata mtaa wake unaitwaje,
amejifungia msalani, kafungua bomba asisikike.

Kokwa kumi na nne.
Dengu kumi na nne.
Imebaki ya Dzame, sekunde saba:
"Mimi kura yangu nampa..."
Maji.

Tukairudia. Tukairudia tena, simu sikioni, simu ndani ya bilauri.
Wa dirishani wakasema wamesikia M.
Wa mlangoni wakaapia N.
Mimi nilisikia bomba tu, na nyuma ya bomba
mtu anavuta pumzi kama aliyepanda ngazi nyingi.
Tukampigia. Hapatikani.

Nyevu akasema, turushe sarafu.
Mize akasema, "Kura ile si yangu, wala si yako.
Ina mwenyewe."
Dobi akagonga, wateja wanataka kanzu zao.
Magharibi ikaadhiniwa, na kila mmoja ana saa yake ya kurudi.

Kopo nililiacha juu ya meza ya pasi, katikati yao.
Walilitazama kama mtoto wa mtu aliyesinzia.
Nani alilibeba, sikuambiwa, nami sikuuliza.

Juzi, Pangani, imeniingilia picha:
daftari jipya, ukurasa wa kwanza.
Mwandiko ni wa Nyevu, umenyooka kama uzi.
Maneno si yake, nayajua ya nani:

Tunadaiwa: hakuna.
Tunadai: Dzame, kura moja.
Atailipa mwenyewe, kwa kinywa chake,
bomba limefungwa.