Mabeseni Tisa

Sikusomea sheria. Nauza sambaza
soko la Kadutu, upande wa wauza chumvi,
na ninachojua kuhusu mwezi nimekijua kwa mikono:
mwezi ukijaa, samaki hutawanyika ziwani,
taa za wavuvi haziwadanganyi tena,
na mimi wiki hiyo huuza nyanya.

Shahidi aliinua mkono mbele ya mahakama ya kijeshi.
Alisema: nilimwona. Mbalamwezi ilikuwa nyeupe,
ungeweza kuokota sindano.
Nilimwona Cirhuza ameinama juu ya Baguma mbadilisha dola
kwenye ngazi za udongo, Nyamugo,
na makovu ya shavuni nikayahesabu: matatu.
Karani akaandika, matatu.
Jaji aliuliza jambo moja tu, kuhusu bunduki,
halafu wakaenda kula.
Waliporudi walisema kifo.

Usiku ule ninao nyumbani kwangu.
Umo katika daftari la madeni, kati ya kurasa
zilizogandana kwa magamba:
alfajiri yake, bichi ya Muhanzi, mabeseni tisa.
Tisa! Mama Ntakwinja alichukua mawili kwa mkopo
na hajalipa hadi leo, Mungu anamwona.
Mabeseni tisa hayatoki kwenye mbalamwezi.
Muulize mtoto yeyote aliyekulia ufukweni.

Sisemi Cirhuza hakuua.
Simjui Cirhuza. Alinibebea gunia mara mbili
na mara ya pili alitaka kunipandishia bei.
Nasema mwezi haukuwepo.

Wakili wake, kijana wa koti moja, alilipekua daftari,
akalirudisha polepole: Mama, halina mhuri.
Nikachovya gumba kwenye maji ya samaki, nikampigia.

Sasa tuko watu saba. Kila Alhamisi
tunasimama mbele ya parke na karatasi zetu:
asipigwe risasi yeye, wala mwingine yeyote
anayengoja ndani kusikia jina lake likiitwa.
Polisi anauliza nani ametutuma.
Karani anapokea karatasi kwa ncha za vidole,
anafungua dirisha.

Nabintu, mjane wa Baguma, alikuja mezani kwangu
jua likiwa utosini. Alisoma ile karatasi yote,
hata majina. Kisha akauliza,
bila kupandisha sauti:
*Na kama mwezi ungekuwepo?*

Akanunua makopo mawili.
Nikamwongezea kiganja kimoja. Akakirudisha.

Siku tatu sikulala vizuri,
maana alikuwa amenikuta nimejificha nyuma ya samaki.
Mdomo wangu wote ulikuwa giza, giza, giza,
kana kwamba kungekuwa na mwanga
ningewashikia wauaji taa.
Sina la kumtosha mwanamke
ambaye kitanda kimempania.
Ninalo hili dogo, la sokoni:
nimewahi kupunja, kwa kusudi na kwa kutojua,
na mteja alirudi, akafoka, nikamjazia kopo.
Aliyepigwa risasi arudi kwa nani?
Ajaziwe na kopo gani?

Hii ni wiki ya nyanya.
Jana usiku nilipanda Nyamugo, saa ileile,
nikamweka binti yangu pale alipoanguka Baguma,
mimi nikarudi nyuma, ngazi ishirini na mbili,
hadi mlango wa shahidi.
Mwezi ulikuwa mzima. Mabati yote yaling'aa,
na chini kabisa, ziwa.
Sindano ningeiokota, kweli.
Nikaona mtu amesimama.
Nikaona kitenge, bega, shavu limegeuzwa.
Nikaita kwa sauti: Nsimire, panda, twende!

Akaitika mwanamke mwingine,
na binti yangu akanigusa mgongo.