Safu Isiyo na Kichwa

Burnley, saa mbili usiku, manyunyu.
Nimetumwa kutafuta bei:
tumwongeze pauni ngapi
Daktari Thwaite asihame?

Hajibu. Anavaa koti,
anazima taa za zahanati,
namfuata tukipanda hadi kwa Bi Ormerod,
orofa ya tatu, lifti mbovu tangu Pasaka,
kumwambia tu kipimo kimetoka safi.

"Simu ingetosha," namnong'oneza.
"Kwenye simu hasikii.
Na kesho ni mbali kwa anayengoja."

Bibi akamshika mkono, hakuuachia upesi.
Chai ikapoa.

Hotelini nafungua jedwali,
naongeza safu, kichwa chake sikijui.
Naandika: ngazi arobaini na mbili.

Kompyuta inaniuliza
hiyo ni sarafu ya wapi.