Baka Chelewa

Ugonjwa ninaousoma unaitwa baka chelewa.
Wenzangu hapa Uyole walilichukua jina
wakanivisha mimi, kwa utani,
na utani ukikaa mwilini miaka kumi
huwa ngozi.

Arobaini na mitatu. Nauandika umri ninavyoandika joto,
bila kuionea namba huruma.
Mama, kila Krismasi kule Tukuyu,
hunipakulia kande na nusu ya methali:
chelewa chelewa, Tusekile...
Haimalizii. Mwana si wangu, najua.
Hata paka wa ofisini si wangu.

Juni, saa nne usiku, baridi ya kuuma meno,
darubini nimeifunika, glovu sijazivua,
nikajisajili.
Fomu iliuliza: Unapenda nini?
Nikaandika: ukweli uliopimwa mara tatu.
Fomu iliuliza: Unatafuta nini?
Nikaacha wazi, kama tunavyoacha safu
ya kipimo ambacho mashine yake ni mbovu.
Picha: koti jeupe, kiazi mkononi.

Wakaja.
"Mambo mrembo." "Mrembo umelala?"
Mmoja alikuwa jenerali, amekwama vitani
na sanduku la dhahabu; alipungukiwa nauli tu.
Niliwapanga kwenye jedwali. Ndiyo, jedwali.

Kisha Enoki Mahenge, fundi wa minara ya simu, Makete:
"Kiazi kina macho. Kinatazama nini huko chini?"

Nilimjibu kwa aya nne kuhusu machipukizi.
Alizisoma zote.
Akauliza swali juu ya aya ya tatu.
Kama mnataka tarehe, andikeni hiyo.

Agosti alinitumia ubeti:

*Nimepanda juu sana, mnara una baridi,*
*milima sijaiona, ukungu umezidi,*
*nawe hatujaonana, kungojea sina budi.*

Nikahesabu kwa vidole. Kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Mstari wa kati, kipande cha mwisho: mizani saba.
Nikamwandikia: "Imepungua moja."

Simu ikanyamaza.

Siku ya kwanza nilisingizia upepo.
Siku ya pili nilifungua jokofu la sampuli
nikalifunga, sikuchukua kitu.
Siku ya tatu nikajua nilichofanya:
mtu kanionyesha moyo, mimi nimeusahihisha
kwa kalamu nyekundu, kama ripoti ya mwanafunzi.

Siku ya nne mtandao ulirudi Makete nzima kwa mpigo
(ni yeye aliyekuwa huko juu, kamba kiunoni, akiurudisha)
na ujumbe wake ukaingia, umri wake siku tatu:
"Najua. Hiyo moja nimeibakiza.
Nitakuletea mwenyewe."

Tulikutana hapa hapa, njia panda,
mgahawani ambako malori ya Malawi hupoza breki.
Mfupi kuliko picha yake. Kidevuni ana kovu
ambalo picha ilikuwa na adabu ya kulificha.
Nilikuwa nimeandaa sentensi sita. Zote zikanikimbia.

"Sha," akasema, kabla ya salamu.
"Samahani?"
"Umeshazidi. Ukungu umeshazidi. Sasa ni nane."

Tukakaa. Chai ya tangawizi, maandazi ya jana.
Akaingiza mkono ndani ya koti, upande wa moyo,
akatoa kitu kilichoviringwa gazeti:
kiazi, cha shambani kwa dada yake Matamba,
ubavuni doa la kahawia, bichi kabisa.
"Ningeleta ua," akasema,
"lakini ua halikuwa na ugonjwa."

Nilicheka mpaka muuza chai akageuka.
Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi,
nikatoa lebo na kalamu:

Sampuli: 412.
Mahali: Matamba.
Ugonjwa: baka chelewa.
Aliyeileta: E. Mahenge.
Joto lilipopokelewa:

kalamu ikasita.
Nikavua glovu, ya kulia, halafu ya kushoto,
nikakishika kile kiazi kwa viganja vyote viwili.

La mwili.