Nafuu ya Mchukuzi

Kazi yangu ni mizani na zipu.
Nawapima kabla hawajaingia, nawapima wakitoka,
na zipu ya mgongoni naivuta mimi,
maana kinyozi hajinyoi
na suti hii hajifungi mtu.

Saa nne asubuhi, Mtongwe, mwezi wa pili.
Lami ya uwanja imelainika, buti zinaacha alama.
Koplo Mwachiro: sabini na moja na nusu.
Praiveti Nthenya: hamsini na nane.
Chebii, mzaliwa wa baridi ya Kapsowar,
ananiuliza kama upepo huwa unafika huku.
Hufika, namwambia. Ila humo ndani hautakukuta.

Navuta. Nagonga bega mara mbili.
Kuanzia hapo sauti zao sinazo,
nina pumzi tu zinazopita kichujioni, fuuu, fuuu,
kama watu watatu wanaopuliza jiko moja
la kuni mbichi.

Mapipa ni kumi na manane. Toka kontena hadi mstari mwekundu
ni hatua mia na ishirini.
Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi;
hawakuiona suti hii.
Haivuji kuingia, haivuji kutoka.
Jasho linashuka shingoni, kiunoni, magotini,
linafika kwenye buti, linakaa humo kama mpangaji.
Likiingia jichoni hakuna wa kulifuta:
mkono upo, jicho lipo,
kati yao kioo.

Dakika ya ishirini na tisa Nthenya anapiga goti.
Nanyanyua bendera.
Ananionyesha kidole gumba.
Naishusha. Hata sasa sijui kama nilifanya vyema.
Anainuka kwa awamu, kitanda cha kukunja kinavyofunguliwa,
analikumbatia pipa tena.

Na ndani ya pipa mna nini?
Maji.
Maji tuliyonunua kwa mkokoteni kule Likoni
mifereji ilipokauka juzi,
tukayatia rangi ya kijani yafanane na sumu.
Wanajua. Wote watatu wanajua.
Wanabeba maji, wana kiu, na hawamwagi tone.

Dakika arobaini. Nafungua.
Mvuke unanipiga uso kama sufuria iliyofunuliwa.
Mwachiro anakaa pale pale, anavua buti la kushoto,
analiinamisha, na uwanja unakunywa.
Vidole vyake vimejikunja kama vya mfuaji nguo,
havishiki kikombe. Namshikia.
Maji hayataki bado.
Anageuza kifua upande wa kivuko,
mdomo wazi, macho kayafumba,
anadai upepo wake.

Naandika: sabini, nukta moja.
Kilo moja na gramu mia nne za mtu
zimebaki kwenye lami, na zishakauka.

Chebii anauliza lini tena.
Kesho, namwambia,
na kesho ni dakika hamsini.
Anacheka. Kisha anatapika, kwa adabu,
kando ya mstari mwekundu.