Doa la Buluu

Pasi kumi na mbili, Makoroboi, saa nne asubuhi.
Mwenye duka anafunga, anahamia Kahama.
"Elfu kumi na sita na mia tano kila moja.
Chukua zote, utakuja kunishukuru."
Sijamshukuru bado.

Bodaboda imetufikisha kwa Mama Nshoma, ikakata tamaa.
Kutoka hapo Mabatini ni ngazi na mawe,
boksi kichwani, boksi kwapani,
na watoto wananiuliza kama nimehamia.

Mnada ninaoujua mimi
ni ule alionipeleka baba: vumbi, fimbo,
mnadi aliyekauka koo,
mnunuzi anapanua mdomo wa ng'ombe anahesabu meno.
Ukimdanganya mtu leo, mwezi ujao mnaonana.

Huu wa simuni hauna vumbi
wala meno ya kuhesabu.
Una saa inayohesabu kurudi nyuma
na watu wanaojiita Kifaru wa Geita.

Nikaiweka pasi juu ya jiwe la nyuma ya nyumba,
pale ninapoanika dagaa, pale mtandao unaposhika,
nikapiga picha jua likiwa changa.
Bei ya kuanzia: elfu moja.
Waliotangulia walisema anza chini,
watapanda wenyewe kama mbuzi na mwamba.

Siku tatu hakupanda mbuzi.

Usiku wa mwisho nimekaa juu ya jiwe, kanga mabegani.
Elfu mbili.
Elfu tano.
Elfu tisa, na dakika nne mkononi.
Halafu, jamani, elfu thelathini na moja!
Nilipiga kigelegele, mbwa wa jirani akaitikia.

Akatoka ndani Lugiko, mdogo wangu,
simu mkononi, meno yote nje:
"Dada, nimekupandishia."

Nimejiuzia pasi yangu mwenyewe.
Mtandao umekata kamisheni yake hivyo hivyo,
haujali undugu.
Na yule wa elfu tisa, aliyekuwa mtu kweli,
kaenda zake.

Baba alikuwa na jina la watu wa aina hiyo,
wanaosimama katikati ya umati kumpandishia muuzaji:
kupe.
Hachungi, hakami, lakini ananenepa.
Nilimwambia Lugiko. Akanuna hadi uji wa asubuhi,
uji wenyewe akaumaliza.

Mara ya pili nimeandika yote.
Waya mfupi.
Ukiiinamisha sana inadondosha maji,
nimeijaribu kwenye shuka langu.
Boksi limebonyea pembe moja.
Bei ya kuanzia: elfu kumi na mbili.
Lugiko akasoma begani kwangu:
"Sasa dada, unauza au unatubu?"

Siku mbili kimya.
Ya tatu, swali moja kutoka Nansio.
Masatu, fundi cherehani:
"Hilo doa la buluu usoni kwa pasi, ni kutu?"

Nikaikuza picha kwa vidole viwili.
Nikaikuza tena.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
"Si kutu, fundi. Ni ziwa.
Pasi ni mpya, inaakisi kila inachokiona."

Hakujibu.
Ikabaki dakika moja, ikabaki nusu,
nikaanza kuteremka jiweni,
simu ikatetemeka: elfu kumi na tisa.

Toa bei ya Makoroboi.
Toa gundi ya karatasi na kamba, mia tano.
Toa nauli ya mzigo hadi kisiwani, elfu moja.
Toa kamisheni, mia tatu.
Zimebaki mia saba,
na sijahesabu bando, wala ngazi.

Mia saba nimeikunja ndani ya daftari,
ukurasa wa kwanza, haujaandikwa kitu kingine.

Zimebaki kumi na moja chini ya kitanda.
Leo Lugiko kaibeba ya pili hadi jiweni bila kuagizwa,
kaifuta kwa mkono wa shati, kachutama, kapima jua.
"Niigeuze upande wa mlimani? Doa litaondoka."

Nikamwambia iache hapo hapo.